Nampenda mpelelezi asiyeitaka kesi

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: ni hadithi gani unazozirudia hata kama muuaji unamjua? Zangu ni za upelelezi katika bunilizi za kisayansi, zile zenye giza, ambazo mpelelezi ana donda lake moyoni na kesi amebebeshwa tu.

Nimelelewa na Bwana Msa, yule mpelelezi wa vitabuni. Baba alikuwa na Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka 1960, nami nilimstahi sana yule bwana na kiko chake, katulia wengine wakihangaika. Lakini sikuwahi kumhofia. Nilijua atashinda.

Elijah Baley nilimhofia tangu kurasa za mwanzo. Ni askari kanzu katika The Caves of Steel, riwaya ya Isaac Asimov ya 1954. New York yote imefunikwa, watu hawalioni anga, na Baley akiwaza tu kutoka nje anaingiwa na hofu. Mkubwa wake anamtwika kesi ya mauaji na kumpa roboti wa kushirikiana naye, wakati roboti ndizo zinazowanyang'anya watu kazi. Akishindwa atavuliwa cheo. Baba yake alivuliwa, na mtoto akayaonja maisha yale.

Nilipokuwa nikiisoma, niliishi kwenye ploti huko Kayole, Nairobi, vyumba kumi na viwili, bafu moja. Huko kwa Baley cheo hupimwa kwa vitu vidogo: kiti saa za msongamano, sinki lenye maji chumbani mwako ili usitembee hadi bafu la umma. Nilifika kwenye sinki hilo alfajiri moja nikiwa foleni, ndoo mkononi, tochi ya simu ikimulika ukurasa. Jirani aliponiambia, "Ingia, ni zamu yako," nilimpisha aliye nyuma yangu. Nilitaka kuimaliza sura.

Deckard wa filamu ya Blade Runner, ya 1982, naye alikuwa ameiacha kazi yake ya kuwasaka na kuwaua watu bandia, akarudishwa kwa vitisho. Wengi husifu ile mvua na taa za Los Angeles. Mimi hukumbuka pale anapokiri kwamba kazi ile humtetemesha.

Lakini Baley bado ndiye wangu. Mara mbili anatangaza kwamba amelifumbua fumbo, na mara mbili anaumbuka. Tena hofu yake si pambo la mwandishi: kesi nzima inazunguka swali la nani angethubutu kuvuka uwanda ulio wazi. Anayeweza kulielewa swali hilo vizuri ni mtu ambaye mwenyewe hathubutu.

Katika The Naked Sun, ya 1957, anapelekwa sayari ya mbali isiyo na paa. Usiku mmoja analishika pazia la dirisha, analirarua, aikabili nje. Ukurasa huo nimeukunja kona.