Mlezi wa kiroho si wa mapadre na watawa tu: yaliyonikuta Bagamoyo

Mkuu mleta uzi, umeuliza kama mtu wa kawaida, mwenye mke na biashara, anaweza kuwa na mlezi wa kiroho, yaani mtu wa kukusindikiza katika sala na imani, na huyo ana tofauti gani na padre anayeungamisha. La kwanza ni rahisi: anaweza. Mimi nauza samaki hapa Bagamoyo na nililelewa hivyo miaka miwili. La pili lina maneno.

Nilianza baada ya kumzika mama. Sala ziligeuka maneno matupu. Rozari naimaliza sijui nilikuwa fumbo la ngapi. Kwanza nikafanya ujinga: nilienda Dar kwa mmoja anayejiita mtumishi wa Mungu, akaniambia kuna mtu wa ukoo amenifunga, nitoe sadaka ya kufunguliwa. Nikatoa. Kiasi sikitaji, mke wangu anasoma humu.

Paroko ndiye aliyenielekeza kwa sista mmoja mzee aliyesomea kazi hiyo. Tulikutana mara moja kwa mwezi, kama saa nzima, pale misheni ya zamani, ile ya Mapadre wa Roho Mtakatifu ya mwaka 1868, kwenye benchi chini ya miembe.

Siku ya kwanza nilikwenda na daftari, dhambi zimepangwa kama orodha ya wadaiwa. Sista akavua saa ya mkononi, akailaza mapajani kifudifudi, akasikiliza mpaka ukurasa wa pili. Kisha: "Hizi mpelekee padre, mwanangu. Mimi niambie, wiki hii moyo ulikuwa mwepesi lini?"

Sikuwa na jibu. Naye akanyamaza. Kunguru wanagombana juu yetu, yeye kimya tu. Mwisho nikakumbuka: Jumanne, mnadani, nilimwachia bibi mmoja mkaanga samaki fungu la vibua kwa bei ya hasara, nikarudi nyumbani napiga mluzi.

"Hapo hapo," akasema. "Usipakimbie."

Nikapewa kazi: kila usiku kabla ya kulala niupitie mchana wangu, nione wapi moyo ulifunguka na wapi ulijikunja. Dakika kumi. Wiki ya kwanza nililala katikati karibu kila siku.

Sasa tofauti. Kitubio ni sakramenti: unataja dhambi, unaondolewa, na lazima awe padre. Mlezi anatazama pamoja nawe Mungu anakupitisha wapi, kwa hiyo anaweza kuwa sista, hata mlei, yaani muumini asiye padre wala mtawa. Wala si mshauri nasaha. Nilipomlilia mama alinisikiliza vizuri, halafu akauliza: "Haya umemwambia Mungu, au unaniambia mimi tu?"

Mwezi wa tano nilitaka kuacha kwaya na jumuiya, vyote. Akanisimulia habari za Inyasi wa Loyola, askari aliyevunjwa mguu na mzinga mwaka 1521. Kitandani akagundua kwamba ndoto za ushujaa zilimchangamsha kisha zikamwacha mkavu, ila habari za watakatifu utamu wake ulibaki. Baadaye akaweka kanuni: wakati wa ukavu usibadili ulichoamua ukiwa na faraja. Basi nikabaki kwaya. Besi, na bado naikosea.

Jirani yangu, Mwislamu wa tarika, mtu wa zikri, nilipomweleza alicheka. "Sisi twamwita murshid. Mji wa Sheikh Ramiya huu, yule kiongozi mkubwa wa tarika, unadhani mmeanza nyie?"

Ila angalieni. Anayekupa amri, anayekuotea ndoto, anayekukataza kumwambia mwenzi wako, huyo mkimbie. Sista hakuniambia hata siku moja nifanye nini, na kusema kweli ilinikera. Nilitaka jibu, napewa swali.

Kuhusu malipo: hakunitoza kitu. Mara moja nilimpelekea changu wawili wakubwa. Akawapokea, akawageuza, akawatazama mashavu, kisha akauliza kama yule mvuvi nimeshamlipa.

Nilikuwa sijamlipa.