Beja wa porini huambukizana vipi kifua kikuu?

Swali: Nimesoma kwamba nchini Uingereza beja, yule mnyama wa jamii moja na nyegere, huugua kifua kikuu cha ng'ombe. Wao kwa wao huambukizana vipi, na kwa nini inasemekana kwamba kuwaua kunaweza kuueneza ugonjwa?

Jibu la daktari wa mifugo: Bakteria anayehusika ni Mycobacterium bovis, na beja wa kwanza aliyethibitika kuwa naye nchini Uingereza alipatikana Gloucestershire mwaka 1971. Njia kuu ya maambukizi ni hewa. Beja wa kundi moja hulala mchana kutwa shimoni wakiwa wamebanana, hewa ikiwa haba, hivyo mmoja mwenye vidonda mapafuni huwapulizia wenzake vimelea kwa kila pumzi, na mama huweza kuwaambukiza watoto wake kabla hawajatoka nje kwa mara ya kwanza. Njia ya pili ni meno. Madume hasa hung'atana wakigombea mipaka, na maambukizi yanayoingia kwa jeraha la namna hiyo kwa kawaida huenea mwilini upesi kuliko yale ya kuvuta hewa. Hata hivyo, beja wengi walioambukizwa huishi miaka bila dalili yoyote, kwa hiyo kumtazama tu mnyama hakutoshi kumjua mgonjwa.

Ng'ombe nao huupata ugonjwa kwa beja, na beja huupata kwa ng'ombe. Kwa kuwa wanyama hawa wawili hukaribiana kwa nadra, inaelekea kwamba sehemu kubwa ya maambukizi hupitia malisho yaliyochafuliwa kwa mkojo, kinyesi, makohozi au usaha.

Kuhusu kuua, jaribio kubwa lililofanyika Uingereza kati ya mwaka 1998 na 2005 lilionyesha kwamba, pale beja walipouawa kwa wingi mwaka hadi mwaka, ugonjwa kwa ng'ombe ulipungua kwa takriban asilimia 23 ndani ya eneo husika, lakini ukaongezeka kwa takriban asilimia 25 katika ukanda wa kilomita 2 kulizunguka. Maelezo yanayokubalika zaidi, nami naona yana mashiko, ni kwamba kundi likivunjwa, mipaka yake nayo huvunjika, na beja waliosalia huanza kutangatanga na kukutana na makundi, na mifugo, ambayo hapo awali wasingeifikia. Chanjo ya BCG, ambayo kwa beja ilipata kibali mwaka 2010, haimponyi aliyekwisha kuambukizwa, ila huyaacha makundi yakiwa mahali pake.