Dereva mkongwe akirudi: mguu wa kulia ndio huchelewa

Wakuu, mleta uzi ameuliza swali fupi lenye mkia mrefu: dereva mkongwe akiacha mbio kisha akarudi, anaweza kushinda tena? Schumacher alirudi Formula 1 akaishia kusindikiza wenzake, Loeb alirudi kwenye mbio za dunia za rali akashinda mashindano ya kwanza tu. Sasa Perez na Bottas wanarudi Formula 1 na timu mpya ya Cadillac 2026, tuwape nafasi gani? Waliojibu juu yangu karibu wote wameshikilia umri. Mimi naomba nipinge kidogo, maana jambo hili nimeliona nikiwa nimefungwa mikanda kwenye kiti cha kushoto.

Nimekuwa msoma ramani kwenye rali za huku Kaskazini kwa miaka saba. (Magazeti ndiyo yanatuita hivyo. Ramani hatuisomi, tunamsomea dereva daftari lenye noti za kila kona iliyo mbele.) Mwaka 2017 nilikaa na mzee mmoja aliyekuwa ameacha mbio tangu 2008. Jina lake sitaji, wa Arusha wenye umri wangu watamjua. Alikuwa na miaka 51, kitambi kidogo, na Subaru Impreza ya mtumba aliyoifufua kwa pesa za kuuza kiwanja. Vijana pale kwenye sehemu ya matengenezo walikuwa wanamwamkia kwa adabu zote, kisha akigeuka wanachekana.

Steji ya kwanza, yaani kipande cha kwanza cha barabara kinachopimwa muda, ilikuwa kama kilomita 14, barabara za mashambani, udongo mwekundu, vumbi la kutosha. Sehemu za kona nyingi zilizobanana alikuwa moto kabisa. Mikono ilikuwa inafanya kazi yenyewe: breki ya mkono, gia ya pili, gari linageuka mkia umetangulia, tunaondoka. Nikasema moyoni, huyu hajaacha mbio, alikwenda likizo. Halafu tukafika kwenye sehemu za wazi. Nasoma, "kulia tano, juu ya kilima, mia moja, kushoto nne." Kulia tano kwa hesabu yetu ni kona nyepesi ambayo hupaswi kuachia mafuta. Kabla ya kilele nikasikia sauti ya injini imeshuka. Kidogo tu, hata nusu sekunde haifiki. Kilima kilichofuata, tena. Na kilichofuata.

Mwisho wa steji kijana wa miaka 26 alikuwa ametuacha sekunde 19. Mzee alivua helmeti, akanywa maji, akaniuliza, "Kijana, naachia wapi?"

Nikamwambia, "Mzee, kila kilima usichoona ng'ambo yake."

Akakaa kimya kidogo. "Basi sikuamini."

"Huniamini mimi au daftari?"

"Vyote viwili."

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho tangu siku hiyo nakitumia kumpima kila mkongwe anayerudi, awe wa Usa River au wa Monaco. Mikono hairudi kwa sababu haijawahi kuondoka. Kinachochelewa ni mguu wa kulia, na mguu wa kulia unaendeshwa na imani: unaliamini gari litafanya unachotaka, unamwamini aliyekuandikia kona, unaamini breki utakazozikuta mita mia mbele. Imani hiyo hujengwa kwa kilomita. Hakuna njia ya mkato. Mzee wangu alikuwa anasomewa noti nilizoandika kwa mtindo wangu, akiwa ndani ya gari ambalo alikuwa ameliendesha siku tatu tu. Kabla ya mashindano ya pili tukakaa siku mbili nzima tunaandika noti upya kwa maneno yake yeye, na kila kilima akaongeza kwa kalamu nyekundu: USIACHIE. Mashindano ya tatu tukamaliza nafasi ya tatu.

Ya nne tukaishia porini. Gia boksi tuliyouziwa ikiwa "imeshafunguliwa na kukaguliwa" ilikatika meno ya gia ya tatu. Aliyetuuzia simtaji, ila mpaka leo nikipita dukani kwake natazama upande wa pili.

Sasa chukueni kipimo hicho mkiweke kwa Schumacher. Aliacha mwisho wa 2006 akiwa na mataji 7 na ushindi wa mbio 91, akarudi 2010 na Mercedes akiwa na miaka 41. Watu wanasahau kwamba huyu ni dereva aliyezoea kuendesha gari lake la Ferrari pale Fiorano, uwanja wao wa majaribio, siku baada ya siku, kila kifaa kipya anakijaribu yeye mwenyewe mpaka gari linakuwa kama kiatu chake. Aliporudi, majaribio katikati ya msimu yalikuwa yameshapigwa marufuku. Kilomita zake zile za kujengea imani zilifungiwa mlango. Na pembeni yake alikuwa Rosberg, kijana aliyekuwa hajapumzika hata mwaka mmoja. Misimu 3, akapanda jukwaani mara 1, nafasi ya tatu Valencia 2012. Lakini tazameni mwaka huohuo Monaco: ndiye aliyeweka muda bora kwenye kufuzu, pale zinapopangwa nafasi za kuanzia mbio, akiwa na miaka 43, kwenye barabara ambayo ukuta uko sentimita chache kutoka kwenye tairi. Adhabu ya nafasi tano aliyokuja nayo kutoka mbio zilizotangulia ikamnyang'anya nafasi ya kuanza wa kwanza. Mtu aliyeisha haweki muda ule Monaco. Mguu ulikuwa umerudi, ila ulirudi mwaka wa tatu, na mkataba ukaishia hapo.

Räikkönen yeye alikaa miaka miwili nje ya F1 lakini hakukaa nyumbani. Alikuwa kwenye rali ya dunia na Citroën 2010 na 2011, anagonga miti na kujifunza. Akarudi 2012 na Lotus, akashinda Abu Dhabi, akamaliza wa tatu kwenye ubingwa. Lauda wa zamani ndiyo usiseme: aliacha 1979, akarudi 1982 na McLaren, akashinda kwenye mbio yake ya tatu, na 1984 akachukua taji kwa nusu pointi dhidi ya Prost. Kwa hiyo mnaosema "akirudi mkongwe amekwisha" mnaongea kwa kumbukumbu ya mtu mmoja.

Twende kwa Loeb, maana huyu ndiye ninayemfahamu zaidi na ndiye mleta uzi amemwelewa nusu. Bingwa wa dunia mara 9 mfululizo, 2004 mpaka 2012. Januari 2022 aliingia Rali ya Monte Carlo na Ford Puma ya timu ya M-Sport akiwa na miaka 47, akiwa amemaliza mbio za jangwani za Dakar wa pili siku chache tu kabla. Pembeni yake, kwenye kiti cha msoma daftari, hakuwa Daniel Elena aliyeshinda naye mataji yote, alikuwa Isabelle Galmiche, mwalimu wa hisabati. Wakamshinda Ogier, naye bingwa wa dunia wa rali, kwa sekunde 10.5. Ushindi wa 80 wa Loeb, na dereva mzee kuliko wote kuwahi kushinda mashindano ya ubingwa wa rali wa dunia.

Bahati ilikuwepo, tusidanganyane. Ogier alipata pancha kwenye steji ya pili kutoka mwisho akiwa anaongoza. Lakini kuna mambo mawili ambayo watazamaji wa runinga hawayaoni. La kwanza, 2022 ndiyo magari ya Rally1 yenye mota ya umeme yalipoanza. Siku ile pale Monte Carlo hakuna aliyekuwa na kilomita nyingi za mashindano na gari lake, si Ogier, si Neuville, si yeyote. Wote walikuwa wanafunzi wa darasa la kwanza, na ukiwaweka wanafunzi wapya darasani, aliyesoma vitabu vingi zaidi anatangulia. Mkongwe akichagua mwaka wa kurudi, achague mwaka ambao sheria zimebadilika.

La pili linahusu kufagia. Kwenye rali ya barabara za changarawe, Ijumaa magari huondoka kwa mpangilio wa msimamo wa ubingwa. Anayeongoza pointi anatangulia, na kazi yake ni kuwafagilia wenzake changarawe na mchanga uliolala juu. Anayekuja mara mojamoja, pointi zake ni chache, anaondoka nyuma na kukuta njia imeshafagiwa. Hiyo peke yake ni sekunde kwa kila kilomita ukiwa na siku mbaya. Kwa hiyo mkiona mkongwe wa mara chache anaongoza Ijumaa mchana, mpigieni makofi, lakini tazameni pia namba ya kuondoka kwake. (Ikinyesha mambo yanageuka, wa mbele anapata njia ambayo haijachimbwa. Kule Naivasha kwenye Safari Rally ya Kenya, mvua na vumbi hugawana siku moja.)

Na hapa ndipo mleta uzi alipoishia njiani. Baada ya Monte Carlo, Loeb alicheza mashindano mengine matatu mwaka ule. Ureno alikuwa anaongoza akagonga ukuta. Ugiriki alikuwa anaongoza, mkanda wa alteneta ukamsimamisha. Katikati yake ni Safari, Juni, nami nilivuka Namanga na wenzangu watatu kumwona.

Tulisimama Kedong, moja ya steji za Safari, siku ya Ijumaa. Asiyewahi kufika pale hajui vumbi. Ni laini kama unga wa sembe, linafika kwenye kifundo cha mguu, gari likiingia ndani yake linatoweka na unabaki kusikia sauti tu. Helikopta inatangulia, mnajua gari linakuja, mnaona wingu linasogea, halafu mnapigwa na joto na kokoto. Yakapita moja, la pili, la tatu. Loeb hakupita. Jamaa mmoja wa Nakuru mwenye redio ndogo akatugeukia akasema injini imemwangusha. Basi. Miaka 48, mikono ileile, mguu uleule uliokuwa umeshajenga imani, na injini imekataa. Jumapili akashinda Kalle Rovanperä wa miaka 21, na Toyota zikachukua nafasi nne za kwanza.

Ndiyo maana nikisikia mtu anasema Loeb 2022 "alirudi akashinda" namwambia amalizie sentensi. Mashindano manne, ushindi mmoja, na mara tatu nafasi ya ushindi ilipotea, mbili kati ya hizo kwa vyuma kuharibika. Kasi alikuwa nayo kotekote.

Wakenya hamhitaji kufundishwa hili. Rekodi ya umri aliyoivunja Loeb ilikuwa ya Björn Waldegård, na aliiweka hukohuko kwenu, Safari ya 1990, akiwa na miaka 46 ndani ya Toyota Celica. Rekodi ilidumu karibu miaka 32. Waldegård alikuwa bingwa wa dunia wa kwanza, 1979, na miaka ile ya mwisho hakuwa anazunguka msimu mzima. Toyota walimhifadhi kwa mashindano ya Afrika, kwa sababu Safari ya enzi zile ilikuwa maelfu ya kilomita, si hizi steji za kilomita kama 360 za sasa, na aliyejua wapi pa kuachia na wapi pa kukanyaga alikuwa na thamani kuliko kijana mwenye kasi. 2011 alirudi tena akashinda Safari ya magari ya kale na Porsche 911, mwanawe Mathias akimsomea daftari. Mwanao akikusomea, nadhani mguu hauachii.

Na kwa wale wanaosema mkongwe anaweza kuiba mashindano mawili matatu lakini taji hapana: Ogier 2025. Hakucheza msimu mzima, Safari yenyewe hakuja, na bado akachukua taji la 9 akiwa na miaka 41, akalingana na Loeb. Tofauti yake na Schumacher ni kwamba Ogier hakuwahi kuondoka kabisa. Alipunguza. Kilomita zilikuwa zinaingia kila mwaka.

Perez na Bottas basi. Wana ushindi wa mbio 16 wakijumlishwa, 10 za Bottas na 6 za Perez. Wametoka nje kwa msimu mmoja tu, huo si muda wa kufanya mguu usahau, na Bottas alikuwa dereva wa akiba Mercedes, hakuwa anafuga kuku. Sheria za 2026 ni mpya kwa kila mtu, kwa hiyo kile kigezo cha Monte Carlo wanacho. Wasichonacho ni gari la timu iliyokomaa. Timu ya kumi na moja, changa, injini ya kununua kwa Ferrari. Mimi simtarajii yeyote kati yao jukwaani mwaka wa kwanza, na nikiona mtu anawapima kwa hilo nitajua hajaelewa wameajiriwa kwa nini. Wameletwa wawaambie mainjinia gari linauma wapi, kwa sababu wamekaa kwenye magari yaliyoshinda na wanajua ladha yake. Nitakachokitazama ni Jumamosi, kwenye kufuzu, kona za kasi. Mkiona kamera ya ndani mkasikia injini inashuka pale ambapo wengine haishuki, mtakumbuka habari ya mzee wangu.

Mwenye video ya Kedong ile ya 2022 iliyopigwa upande wa kilimani, tafadhali aiweke hapa. Ya kwangu ni vumbi tupu na sauti ya jamaa wa Nakuru akilaani.