Kabla ramani ya msikiti haijapitishwa, hesabuni Ijumaa

Mhariri, asalaam alaykum.

Swali lenu la wiki hii linauliza: kamati ikitaka kujenga msikiti mpya katikati ya mtaa, majirani wapime nini kabla ya kukubali? Najibu nikiiangalia Tanga, hasa mitaa kama Ngamiani, Makorora na Mabawa, ambako viwanja ni vidogo, nyumba za Kiswahili zimepakana, na ua wa jirani uko hatua chache tu kutoka kwako. Jibu fupi ni hili: pimeni Ijumaa. Siku sita zilizobaki mtaa wowote unazimudu.

Ndiyo maana jambo la kwanza kuiuliza kamati ni kama huu utakuwa msikiti wa Ijumaa au wa swala tano tu. Watu hulisahau hili wakakimbilia kuba na mnara. Msikiti wa swala tano huleta safu mbili tatu za watu wanaokuja kwa miguu, wengi wao wa mtaa huohuo. Wa Ijumaa huleta watu wa sokoni na wa maofisini, bodaboda, bajaji na baiskeli zetu za Tanga, wote ndani ya saa moja na nusu. Mwambao huu unafuata madhehebu ya Shafi, na kwa Shafi kuswali Ijumaa katika misikiti zaidi ya mmoja ya mji uleule huruhusiwa kwa haja, mfano msikiti uliopo kushindwa kubeba watu. Basi haja hiyo na ihesabiwe. Nendeni kwenye msikiti wa Ijumaa ulio karibu zaidi, mtu mmoja asimame kila mwisho wa barabara kuanzia saa sita hadi saa nane mchana, aandike kila robo saa: waendao kwa miguu wangapi, baiskeli ngapi, pikipiki, bajaji, magari. Ifanyike Ijumaa moja ya kawaida na moja ya Ramadhani, maana bila hiyo ya pili hesabu inadanganya. Mkikuta nusu ya safu ziko tupu, kamati ina kazi ya kueleza. Mkikuta watu wanaswali juani barabarani, wenye kazi ya kueleza ni wale wanaopinga.

Kisha chukueni ramani na rula. Kamati hupenda kuandika "msikiti wa watu 500" kwa sababu namba hiyo inawapendeza wafadhili. Mtu mmoja katika safu huchukua upana wa sentimita 55 hivi, na kutoka safu hadi safu huhitajika mita 1.2 ili apate kusujudu. Ukumbi wenye upana wa mita 15 na kina cha mita 12 kuelekea kibla una safu kumi. Ondoa moja kwa ajili ya imamu na njia ya mlangoni, zibaki tisa za watu 27. Jumla ni 243. Hao 500 hawapatikani mpaka iwepo ghorofa, au mpaka barabara iwe sehemu ya msikiti. Na siku wakija 600, watu 357 waliobaki nje wanataka karibu mita za mraba 236, yaani mita 39 za barabara yenye upana wa mita 6, ikifungwa yote.

Lakini je, itafungwa yote? Hapo Tanga ina jambo lake. Makka iko karibu kaskazini kamili kwetu, kibla inapinda kuelekea mashariki kwa nyuzi moja na nusu tu. Kwa hiyo safu hulala mashariki kwa magharibi. Barabara nayo ikilala mashariki kwa magharibi, mnaweza kuweka safu mbili upande mmoja, mita 2.4, zikabaki mita 3.6 za kupita bajaji au hata gari la wagonjwa linalowahi hospitali ya Bombo. Barabara ikiwa ya kaskazini kwenda kusini, kila safu inaikata kutoka ukingo hadi ukingo, na hapiti mtu. Kiwanja ni kilekile na watu ni walewale, ila athari ni mbili tofauti kabisa. Mimi naona hili lina uzito kuliko urefu wa mnara, na sehemu kubwa ya ramani zinazopelekwa vikaoni hazionyeshi hata mshale wa kaskazini.

Mshale huo wenyewe upimwe vizuri. Dira ya simu isiaminiwe karibu na nondo na mabati. Njia ya uhakika ni jua: tarehe 27 au 28 Mei saa 6:18 mchana, na tarehe 15 au 16 Julai saa 6:27 mchana, jua huwa juu ya Kaaba, na saa yetu na ya Makka ni moja. Simamisheni fimbo kwa timazi. Kivuli kitalala kuelekea kusini, na kibla ni upande wa pili wa mstari huohuo. Kiwanja kikiwa kimekaa mshazari, fundi ana njia mbili. Akilizungusha jengo zima, kona yake moja itasogelea ukuta wa jirani. Akilifuatisha jengo na mipaka, atazipinda safu ndani na pembe zitapotea bila mtu, kwa hiyo safu moja au mbili nzima zitahamia nje. Kamati inayogundua hili baada ya msingi kumwagwa huwa imeshauamulia mtaa bila kuuliza.

Milango nayo haipimwi kwa upana peke yake. Mlango wa mita moja hupitisha watu zaidi ya sitini kwa dakika kama hakuna kinachowazuia, na kinachowazuia ni viatu. Swala ikiisha, ndara na makubazi yametapakaa mita tatu mbele ya mlango, mmoja anaruka kwa mguu mmoja ameshika bega la mwenzake, mwingine anazunguka akitafuta pea yake, na nyuma yao watu mia mbili wamesimama. Foleni inaishia barabarani, mbele ya bodaboda zinazogombea abiria. Dawa yake ni rahisi: milango miwili pande mbili tofauti, baraza la mita tatu kati ya mlango na barabara, na rafu za viatu ndani ya uzio. Rafu hizo zichorwe kwenye ramani, maana zisipochorwa hazitajengwa.

Maji ndiyo yanayowagombanisha majirani kuliko adhana, ingawa wachache hukiri. Misikiti ya kale ya mwambao ilikuwa na kisima na birika, watu wakichota kwa kata. Mtume, sala na amani zimfikie, alitawadha kwa kibaba kimoja, ambacho hakifiki lita moja. Kwa bomba lililo wazi mtu humaliza lita tano bila kujijua. Chukua Ijumaa ya watu 243, nusu yao wametia udhu nyumbani. Waliobaki, kama 120, watatumia lita 600 ndani ya dakika ishirini. Kila mmoja akikaa bombani dakika mbili, mnahitaji mabomba kumi na mawili, la sivyo foleni ya udhu nayo itatoka nje. Hapo pana kosa la kuliangalia mapema: pampu kufungwa moja kwa moja kwenye bomba la mtaa. Ikiwashwa saa sita mchana, nyumba za mwisho wa laini hukaukiwa. Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya hapa, waunganishe maji kwenye tangi la chini, lijazwe usiku, na pampu ivute kutoka hapo kwenda tangi la juu.

Maji hayo yakishatumika yana pa kwenda pia. Swala tano za watu sitini ni lita 1,500 kwa siku. Yakielekezwa kwenye karo la choo, karo litajaa upesi na gari la kunyonya majitaka litakuwa mgeni wa kila mara. Maji ya udhu yawe na shimo lake la kufyonza, lenye kokoto, mbali na msingi wa mtu. La choo likae mita 30 au zaidi kutoka kisima chochote. Katika viwanja vya Ngamiani umbali huo mara nyingi haupatikani, na visima vya uani bado vinatumika. Hapo karo lijengwe lisilovuja, chini na pembeni, afisa afya alikague kabla ya kufukiwa, na gharama ya kulinyonya iingie kwenye bajeti ya msikiti. Halafu kuna paa: mita za mraba 250 zikipigwa na mvua ya masika ya milimita 40 zinashusha lita 10,000. Kama bomba la paa linaishia hewani juu ya ukuta wa mpaka, mjue maji yote hayo yameandikiwa ua wa jirani.

Ua ni neno zito katika nyumba ya Kiswahili. Ndipo wanawake wanapopikia, wanaposuka nywele na kuanika nguo bila kujistiri. Ghorofa ya msikiti, ambayo mara nyingi ndiyo sehemu ya wanawake au madrasa, ikiwa na madirisha yanayotazama uani, mwenye nyumba ameshapoteza kitu ambacho hakuna fidia inayokirudisha. Upande huo kingo za madirisha zianze mita 1.7 juu ya sakafu, au ziwekwe nakshi za tofali zenye matundu, hewa ipite na jicho lisipite. Ngazi ya nje iwe upande wa barabara. Hili ni jambo la kalamu tu likisemwa mapema.

Kuhusu sauti, wengi hubishana kwa hisia wakati kuna hesabu. Spika ya honi inayotoa desibeli 110 ukiwa mita moja mbele yake hupungua desibeli 6 kila umbali unapokuwa maradufu: mita 10 inabaki 90, mita 20 inabaki 84. Upepo nao una sehemu yake. Wakati wa kusi sauti husukumwa kaskazini, kaskazi ikivuma hurudi kusini, kwa hiyo anayelalamika Julai siye anayelalamika Januari. Honi nne ndogo zilizoinamishwa chini, kila moja kwa sauti ya wastani, huufikia mtaa vizuri kuliko honi moja kubwa inayopiga dirisha la chumba cha kulala. Swichi ya spika za nje itenganishwe na ya ndani, za nje ziwe za adhana, na hotuba, darsa na maulidi ya Mfungo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume, ziwe na makubaliano yake. Zipo kanuni za mwaka 2015 za viwango vya kelele na mitetemo, na kiwango cha usiku ni cha chini kuliko cha mchana. Lakini kabla ya kukimbilia kanuni, fungeni spika yenyewe juu ya mlingoti wa urefu uliokusudiwa, mjaribu alfajiri moja, wajumbe wakiwa wamekaa vyumbani mwa majirani.

Wakati wa ujenzi, hatari kubwa ni msingi. Nyumba kuukuu za udongo na miti, au za mawe na chokaa, zina misingi mifupi. Ukichimba mtaro wa msingi wa ghorofa kando yake, ukauacha wazi wiki mbili za mvua, udongo ulioibeba nyumba hutiririkia shimoni na ukuta unapasuka. Wachimbe vipande vifupi, wamwage zege, ndipo waendelee. Na nyufa zilizopo zipigwe picha pamoja na rula na tarehe kabla koleo la kwanza halijashuka, nakala moja abaki nayo jirani na moja kamati. Bila picha hizo, kila ufa wa miaka ishirini utakuwa wa msikiti, na kila ufa wa msikiti utakuwa wa miaka ishirini.

Upande wa karatasi sitakaa sana. Kiwanja kikiwa cha makazi kinahitaji kubadilishiwa matumizi kwa Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, kupitia Halmashauri ya Jiji, kisha ndipo kije kibali cha ujenzi. Hati iwe kwa jina la wadhamini waliosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, siyo la mtu mmoja. Kama ni wakfu, maandishi ya aliyeweka wakfu yaonekane, maana warithi wakija kugombana nusu ya ujenzi, mtaa hubaki na gofu. Afisa mazingira aulizwe mradi unaangukia kundi gani la tathmini ya athari kwa mazingira. Yale mliyokubaliana, kuanzia milango, madirisha na pampu hadi mwelekeo wa spika, yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao cha serikali ya mtaa na uambatanishwe na ombi. Ahadi ya mdomo ya mwenyekiti wa kamati huondoka naye akibadilishwa.

Mwisho, ulizeni utaratibu wa awamu. Misikiti yetu hujengwa kwa sadaka, na sadaka huja kwa vipindi, kwa hiyo jengo linaweza kuchukua miaka. Pesa za kwanza huenda kwenye nguzo na kuba kwa sababu vinaonekana na vinavuta wachangiaji, vyoo na mitaro vikiachwa nyuma. Watu nao huanza kuswali mara tu paa linapokaa, vyoo vikiwa bado vya mabati. Sharti la majirani liwe hili: awamu ya kwanza iwe karo, shimo la udhu, tangi, mfereji wa mvua na uzio, vikaguliwe, ndipo nguzo zipande.