Re: Jeni moja ikiharibika inatosha kuleta kansa ya tezi?
Mkuu umeuliza kama kaka yako aliyekutwa na uvimbe kwenye tezi mbili anaweza kuwa na jeni moja tu mbovu. Inawezekana, ila hizi jeni za kuzuia uvimbe hazifanyi kazi kila moja kivyake, zinategemeana sana. Chukua jeni ya MEN1, ipo kromosomu ya 11, ilitambuliwa 1997. Mtu anarithi nakala moja mbovu, ile nzima ikija kupotea kwenye seli ndo shida inaanza, maana protini yake, menini, inasaidia kuwasha p27 na p18, yaani jeni mbili nyingine za kuzuia uvimbe, na hizo mbili ndo zinaiacha RB, nayo ya kuzuia uvimbe, ishike breki seli zisigawanyike ovyo. Menini ikikosekana breki inalegea, unakuta uvimbe kwenye parathairoidi (tezi ndogo za shingoni), kongosho, pituitari (tezi iliyo chini ya ubongo). Panya wenye kasoro ya RB wanapata uvimbe wa pituitari, ukiwaondolea na p27 unakuja mapema na mkali zaidi! Na wapo watu waliozaliwa na p27 mbovu wakapata ugonjwa unaofanana na wa MEN1, unaitwa MEN4. Kwa hiyo kipimo cha MEN1 kikitoka safi msiishie hapo, muulizeni daktari kuhusu CDKN1B, ndo jeni ya p27.