Maswali yenu kuhusu Seneti ya uhuru nchini Kenya

Seneti ya mwaka 1963 ilitokana na nini?

Ilitokana na hofu. Chama cha KANU cha Kenyatta, Odinga na Mboya kilitaka serikali moja yenye nguvu Nairobi. Chama cha KADU cha Ngala, Moi na Muliro kilisemea jamii ndogo zilizoona zitamezwa iwapo wingi wa watu ndio utakaoamua kila kitu. Mwaka 1962 wakakaa Lancaster House, London, kujadili katiba, na kila upande ukalegeza kamba. Baraza la Wawakilishi likawa na maeneo bunge 117, Seneti ikawa na viti 41: kimoja kwa kila wilaya, kubwa kwa ndogo, na kimoja cha Nairobi.

Wote walikubali?

Hapana. Wasomali wa Kaskazini Mashariki walisusia uchaguzi wa Mei 1963.

Kama Seneti ilikuwa na nguvu, mbona ilivunjwa kirahisi hivyo?

Hapa ndipo panaponiuma. Kubadili vifungu vya katiba vilivyolinda majimbo, yaani mikoa yenye serikali zake, kulihitaji kura za asilimia 90 ya maseneta. Piga hesabu: kati ya 41, watano tu walitosha kuzuia mswada. Ulinzi mkubwa kuliko huo ungeutoa wapi? Lakini ulitegemea kuwepo kwa watu walio tayari kusema hapana, na Novemba 1964 KADU ilijivunja yenyewe, viongozi wake wakahamia KANU. Mwezi uliofuata Kenya ikawa jamhuri na mamlaka ya majimbo yakapunguzwa. Mwaka 1966 Seneti ikaunganishwa na baraza la chini. Yakaundwa maeneo bunge mapya 41 na maseneta wakawa wabunge. Hakuna aliyepoteza kiti. Waliopoteza ni wananchi wa wilaya ndogo, na naamini pigo hilo lilichangia sana miaka mingi ya kila kitu kuamuliwa Nairobi.

Sasa Seneti imerudi. Ni haki Lamu ilingane na Kiambu?

Katika sensa ya 2019 Lamu ilikuwa na watu 143,920, Kiambu 2,417,735, na kila kaunti ina seneta mmoja wa kuchaguliwa. Mimi nasema ni haki, kwa sababu Kiambu haijanyimwa wingi wake: katika Bunge la Taifa ina maeneo bunge 12, Lamu mawili. Seneti ndiyo inayopanga fomula ya kugawana fedha za kaunti, na hapo Lamu isipokuwa na kura sawa, itapewa makombo.