Maswali ya Wasomaji: Kulenga Shabaha kwa Mfuko Mdogo

SWALI: Ndugu Mhariri, salamu. Mimi ni Mtanzania mwenye ukaazi wa kudumu nchini Marekani, ninaishi Columbus, jimbo la Ohio, na ninafanya kazi katika ghala. Mwaka jana rafiki yangu alinipeleka kwenye uwanja wa kulenga shabaha, nikaupenda mchezo huo hadi nikanunua bastola ya milimita 9. Kila ninapokwenda hulipia nafasi ya saa moja, nikamaliza masanduku matatu ya risasi hamsini hamsini, kisha nikarudi nyumbani nikiona aibu mbele ya mke wangu, kwa maana fedha hizo zingetosha matumizi ya jikoni. Wenzangu wananishauri ninunue mashine ya kujazia maganda ya risasi ili nipunguze gharama. Je, ushauri huo ni mzuri, au niuache mchezo wenyewe? — Msomaji, Columbus.

JIBU: Ndugu msomaji, mchezo usiuache, na mashine hiyo usiinunue kwa sasa. Anayejaza maganda upya huokoa ganda peke yake. Fataki (kile kidonge kinachowasha baruti), baruti na kichwa cha risasi kinachoruka hana budi kuvinunua, na kwa kuwa risasi za milimita 9 ni miongoni mwa zile za bei nafuu madukani, akiba anayoipata kwa kila moja ni ndogo mno kuirudisha haraka bei ya mashine, mizani na vikorokoro vyake. Wanaofaidika ni wale wanaotumia risasi za bei kubwa au wanaofyatua maelfu kwa mwaka. Tena wengi wao hukiri kwamba matumizi yao hayakupungua. Walichofanya ni kufyatua zaidi kwa fedha zilezile.

Kinachokumaliza ni yale masanduku matatu. Risasi 150 kwa saa moja ni risasi moja kila baada ya sekunde 24, bila kuhesabu muda wa kujaza magazini (kile kibweta cha risasi cha bastola) na kubadilisha karatasi ya shabaha. Linganisha na mashindano ya Olimpiki ya bunduki ya hewa ya mita 10, ambamo mchezaji hupewa dakika 75 kwa mipigo 60 tu, na katikati ya shabaha yake, ile alama ya kumi, ni nukta yenye upana wa nusu milimita. Mchezaji huyo anatumia muda wake mwingi akipumua, akituliza mwili na kuamua asifyatue. Kwa maoni yangu raha ya mchezo huu imo humo, wala haiuzwi kwa sanduku.

Kwa hiyo anza na mazoezi yasiyotumia risasi hata moja. Toa risasi zote, zipeleke chumba kingine, kagua chemba, yaani tundu linalokaa risasi kabla ya kufyatuliwa, kwa jicho na kwa kidole, kisha ulenge ukuta ambao hata risasi ikitoka kwa bahati mbaya hautaruhusu ipite. Weka sarafu juu ya ncha ya bastola, nyuma kidogo ya kilengeo cha mbele, na uvute kifyatulio polepole hadi nyundo ipige bila sarafu kuanguka. Ikianguka, umeona kosa ambalo uwanjani lingefichwa na mshindo na mrusho wa bastola. Dakika kumi za namna hiyo jioni tatu kwa wiki zitakufundisha zaidi ya masanduku yako matatu. Jambo la kuangalia ni aina ya silaha: bastola nyingi za kisasa za milimita 9 hazidhuriki kwa kufyatuliwa tupu, lakini bunduki nyingi za .22, zile za risasi ndogo, zinaweza kuharibika, kwa sababu pini yake ya kufyatulia hugonga ukingo wa chemba. Soma kitabu cha mtengenezaji kwanza. Baadhi ya walengaji hutia chembani kile kiplastiki cha ukutani kinachotangulia skrubu, kikapokea pigo la pini badala ya chuma, na bei yake ni senti chache.

Ukienda uwanjani, chukua sanduku moja na uligawe katika makundi ya risasi tano. Baada ya kila kundi weka bastola chini, tazama matundu, andika ulichokiona, kisha ndipo uendelee. Sahani nyeupe za karatasi zenye kibandiko cheusi katikati zinatosha kuwa shabaha. Chunguza pia viwanja vya umma. Tangu sheria ya Pittman-Robertson ya mwaka 1937, kodi ya asilimia 11 inayotozwa kwenye bunduki na risasi (kwa bastola ni asilimia 10) hurudishwa majimboni kwa ajili ya wanyamapori, na sehemu yake hujenga viwanja vya shabaha ambavyo kwa kawaida ada yake ni ndogo kuliko ya viwanja vya ndani vya watu binafsi. Kodi hiyo umekwisha kuilipa, basi nenda ukaifaidi.

Siku ukiweza, badilisha risasi unazotumia. Risasi ya .22, yenye kipenyo cha milimita 5.6 na iliyopo tangu mwaka 1887, kwa kawaida huuzwa kwa kama theluthi ya bei ya ile ya milimita 9, na bunduki yake iliyokwisha kutumika hudumu miaka mingi kwa kuwa risasi hiyo haichoshi mtutu. Nafuu zaidi ni bunduki ya hewa, ambayo sheria ya shirikisho haiihesabu kuwa silaha ya moto. Kopo la vijirisasi 500 linatosha mashindano manane kamili ya mipigo 60. Kabla ya kufyatulia nyumbani, hata kwenye chumba cha chini, uliza sheria za mji wako na za mwenye nyumba.

Umebahatika pia kuishi Ohio. Kambi ya Camp Perry, kando ya Ziwa Erie, imepokea mashindano ya kitaifa tangu mwaka 1907, na Civilian Marksmanship Program, taasisi ya kuwafundisha raia kulenga shabaha, ina ukumbi wa bunduki za hewa hapo wenye nafasi 80 za kufyatulia, ambao hufunguliwa kwa umma siku maalumu na wasio na bunduki hukodishiwa. Ni mwendo wa saa mbili hivi kwa gari, kwa hiyo hesabu petroli, au jazeni gari wanne.

Usibane matumizi kwenye vizuia sauti vya masikio, miwani ya kinga na kufuli ya bastola. Kufuli unaweza kuipata bure, maana idara nyingi za polisi huzigawa kupitia mpango wa Project ChildSafe. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kuwashika watoto, kwa sababu vumbi la madini ya risasi huganda kwenye ngozi na nguo.

Neno moja kwa wasomaji wengine walio Marekani: anayeishi huko kwa visa ya muda, kama ya masomo au utalii, amekatazwa na sheria ya shirikisho kuwa na bunduki au hata risasi, isipokuwa anapoingia katika hali chache zilizoachwa, mojawapo ikiwa kuwa na leseni halali ya uwindaji. Katazo hilo halikomi mlangoni mwa uwanja wa shabaha, hata kama bunduki ni ya kukodi.

SWALI: Nipo Leicester, Uingereza. Kijana wangu wa miaka 15 anataka kujifunza kulenga shabaha, nami sina uwezo wa kununua bunduki. Nifanyeje? — Mama, Leicester.

JIBU: Mama, usinunue. Tafuta klabu iliyoidhinishwa na Home Office (wizara ya mambo ya ndani), kwa kuwa mwanachama wake huruhusiwa kutumia bunduki za klabu kwa kulenga shabaha bila kuwa na cheti chake mwenyewe cha kumiliki bunduki. Uliza kama wanapokea vijana na kama ada inaweza kulipwa kidogo kidogo. Bunduki ya hewa yenye nguvu isiyozidi futi-pauni 12 (kipimo cha nguvu ya mpigo) haihitaji leseni hapo Leicester, ila hauziwi mtu aliye chini ya miaka 18, na mkihamia Uskoti fahamu kwamba huko cheti kinatakiwa tangu mwisho wa mwaka 2016.